Mafuta ya Maranda

Wanangu, juzi kijana mmoja alipita mbele ya daka langu, hapa mlangoni, mtaa wa Langoni, Lamu, akinukia msitu ambao hajapata kuuona. Nikamwita. Alidhani nataka kumtuma sukari, akaja ameshakunja uso. Nikamwambia sukari ninayo, nataka kujua amejipaka nini. Akatoa mfukoni kichupa cheusi cha kupuliza, kimeandikwa Kizungu, na mjukuu wangu akanisomea kwamba ni manukato ya wanaume, ya mti mbichi, ya kuburudisha. Nilicheka mpaka kijana akaona haya. Maskini alifikiri namcheka yeye.

Sikuwa nikimcheka yeye. Nilicheka kwa sababu kitu hicho tulikitengeneza mtaa huu huu kabla babake hajaota meno, na hatukuhitaji kuandika juu ya chupa kwamba ni cha wanaume. Usiku ule sikulala vizuri. Na kwa kuwa mmekuwa mkinisumbua niwaeleze habari za kazi yangu, ninyi mnaotaka kufungua maduka ya manukato, nimeona bora niseme sasa kabla pua haijasahau kila kitu. Masikio yamekwisha nitoroka zamani.

Wengi wenu mnanijua mimi, Bi Tima, kwa vikuba vya maua na asumini, kwa sababu hayo ndiyo niliyomalizia nayo uzeeni. Lakini kazi iliyonipa jina ilikuwa ya wanaume, na katika yote niliyowatengenezea wanaume ni moja tu ninayoiota mpaka leo. Niliyaita mafuta ya maranda. Maranda, kwa ninyi mnaonunua viti vya plastiki, ni yale maganda membamba ya mbao yanayojikunja yakitoka kwenye randa ya seremala.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Mwanaisha, binamu yake mamangu. Alikuwa mjane tangu ujana wake, hakuolewa tena, na hakuna harusi kubwa iliyofanyika hapa bila ya mkono wake kuingia katika udi na liwa ya bibi harusi. Alinifundisha kwa kunikanya. Sikumbuki siku aliyonisifu. Nikikosea alivuta pumzi kwa pua, basi, na pumzi ile ilinichoma kuliko tusi. Kwa muda mrefu hakuniruhusu kugusa hata kizibo. Alinifumba macho kwa leso, akaniwekea asumini iliyochumwa jioni ingali imefumba na nyingine iliyochumwa asubuhi imekwisha choka, na nilipokosa kuzitofautisha alinirudisha kufagia ua.

Haya basi, mambo ya msingi. Siku ya kutengeneza mafuta hapikwi samaki nyumbani. Mume akitaka samaki aende akale kwa mamake. Usinuse ukiwa na njaa, maana pua yenye njaa huona kila kitu kina harufu ya chakula. Ukishanusa vitu vingi, acha, panda darini, pumua upepo mtupu, ndipo urudi. Na mafuta ya kuchanganyia yawe ya ufuta, si ya nazi. Nazi ni tamu kwenye wali, lakini mwanamume aliyejipaka mafuta ya nazi akatembea juani ananukia mchuzi, na kwa mji huu wetu atafika mskitini na paka wote wa Langoni nyuma yake. Msicheke. Nimeyaona.

Kufukiza kanzu nako kuna ufundi wake. Makaa yaachwe mpaka yavae jivu jeupe, ndipo utie kipande cha udi, tena kidogo. Kanzu iwe na unyevu wa mbali, kama nguo uliyoianua mapema kidogo, kwa sababu nguo kavu haishiki moshi. Uitandaze juu ya tenga, chetezo cha makaa kiwe chini yake, na usiende kupiga soga ukakiacha. Mke mmoja wa jirani alikwenda kupiga soga, na mumewe akaswali Idi na tundu mgongoni.

Sasa nije kwa mume wangu.

Omari alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mlango wake unafungukia kwenye kiuchochoro. Wakati huo uhuru ulikuwa bado mpya, maofisi yamebadilisha wenyewe, na watumishi wa serikali walikuwa wakija kutoka bara kwa kila meli. Walitaka makabati na rafu za kuwekea mafaili. Omari akapewa kazi ya makabati ya ofisi ya hapa, kisha ya ofisi ya Faza. Mbao zililetwa kutoka Mombasa, na hazikuwa mvule wala bembakofi tuliozoea. Zilikuwa mwangati, mti mwekundu unaoota kwenye milima ya baridi huko bara.

Alasiri ya siku aliyopiga randa ubao wa kwanza, aliingia ndani na harufu ambayo sikuijua. Ilikuwa kavu na tamu, na ndani yake mna ubaridi, kama maji ya mtungi mpya. Alikuwa anakwenda kuoga. Nikamzuia mlangoni. Nikamnusa shingo, nikamnusa mikono, nikamnusa kofia. Akaniuliza kama nimepandwa na kitu. Niambieni, mke gani wa Lamu amepata kumwomba mumewe asioge?

Hapo ndipo mafuta ya maranda yalipoanza, na yalinitesa. Mara ya kwanza niliyachemsha maranda katika mafuta juu ya moto wazi, nikapata harufu ya jiko lililoungua. Mara nyingine nilitumia unga wa msumeno nikidhani ni bora kwa kuwa ni laini, mafuta yakawa na tope na harufu ya chuma. Mwishowe nikajua. Maranda lazima yawe ya siku hiyo hiyo, kwa sababu yakilala roho yake inatoka. Uyatie kwenye bakuli la mafuta ya ufuta, bakuli likae ndani ya sufuria ya maji ya moto, maji yasichemke. Kisha uyapeleke darini yakae juani, uyakamue, utie maranda mengine mapya katika mafuta yale yale, urudie tena na tena mpaka mafuta yenyewe yanukie ubao. Halafu utie ganda la ndimu, lile la kijani tu. Ile nyama nyeupe iliyo chini yake ni chungu hata kwa pua. Majani ya mchaichai yaliyopondwa yanafuata, na mwisho kabisa sandali kidogo sana ya kuishika ile harufu isiruke. Uyafungie kabatini gizani mpaka makali yatulie. Ukifanya haraka, utauza ndimu.

Kabla ya kufika kwenye mchaichai, nilifanya jambo ambalo Bi Mwanaisha alinikumbusha mpaka alipokufa. Nilitaka ule ubaridi uzidi. Nikawaza, ni kitu gani kina baridi kuliko vyote? Nikatia kafuri. Yalitoka mafuta mazuri ajabu, safi, yanazibua pua. Kakake Bi Mwanaisha, Bwana Shee, aliomba ayajaribu, akajipaka kwa ukarimu akaenda kuswali Ijumaa. Nyote mnajua, au mngejua kama mngekuwa mnakwenda kwenye misiba badala ya kutuma ujumbe wa simu, kwamba kafuri kwetu hutiwa maiti akishaoshwa. Waliokaa karibu na Bwana Shee walianza kusogea. Mmoja akasema Inna lillahi kwa sauti ya chini. Mwingine akamwinamia akamuuliza kama jeneza limekwisha wasili, na ni nani wanayemswalia. Bwana Shee alirudi nyumbani na kofia mkononi. Omari alipopata habari alicheka mpaka akaketi chini kwenye maranda yake, na Bi Mwanaisha akasema yeye amekwisha sikia mengi ya dunia, lakini hajapata kusikia maiti aendaye mskitini kwa miguu yake.

Nilipopata mizani yake hasa, vijana waliyapenda. Walikuwa wamechoka na miski na ambari za babu zao, nzito katika joto letu hili, na yale maji ya manukato ya Kizungu yaliyoletwa kutoka Mombasa yalipotea kabla mtu hajafika mwisho wa uchochoro. Wanaume wenyewe hawakuja kwangu. Walituma wake zao au dada zao na chupa, kila nyumba imefunga uzi wa rangi yake shingoni mwa chupa, na mimi nilijua uzi wa nani ni upi. Tone moja ndani ya ukingo wa kofia, jingine nyuma ya sikio, basi. Haikupita muda, Ijumaa ikifika uchochoro mzima ulinukia karakana ya mume wangu. Jirani yangu alinitania dirishani akasema, "Bi Tima, mumeo umemgawa mtaa mzima." Nilicheka. Ilinipendeza, nisiwafiche. Nilikuwa naona fahari.

Bi Mwanaisha peke yake hakuyapenda. Hakutaka hata chupa iwekwe karibu na mkeka wake. Alisema, "Mti ni wa kuyengea au wa kupikia. Mtu hajipaki mlango." Nilikasirika, nikaiondoa chupa, maana mwalimu ni mwalimu.

Mteja wa ajabu kuliko wote alikuwa Bwana Kiprono, karani kutoka bara kwenye ile ofisi iliyoagiza makabati. Alikuwa Mkristo, mpole, mrefu mpaka akiingia dakani anainama. Alikuja kuangalia kazi, akamkuta Omari amejipaka, akasimama pale pale akasahau kilichomleta. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikamsikia akimweleza Omari kwamba kwao ua wote umezungushiwa nguzo za mwangati, na asubuhi ukungu ukishuka nguzo zile hutoa harufu hiyo hiyo. Alisema tangu alipoletwa Lamu hajanusa kitu anachokijua. Omari akampa chupa na uzi mwekundu. Baadaye tulijua hajipaki mwilini hata kidogo. Alikuwa akitia tone kwenye mto wa kulalia, mara moja moja tu, ili yasiishe. Omari alipenda kukaa naye barazani wakinywa kahawa. Mmoja alizungumza Kiamu chetu cha hapa na mwingine Kiswahili cha bara, na kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa lugha aliyo nayo.

Kazi hii inafundisha jambo ambalo sikulitaka, nalo ni kwamba harufu ndiyo ya kwanza kuja na ndiyo ya kwanza kuondoka.

Omari alishikwa na homa baada ya mvua za masika. Haikumwachia. Tulijaribu hospitali, tukajaribu na dua, na asubuhi moja Bi Mwanaisha akanitoa chumbani kwa mkono, akanikalisha, nikajua.

Ninyi wa siku hizi labda hamjui vizuri eda ya mjane, au mnaijua kwa mdomo. Miezi minne na siku kumi unakaa nyumbani. Huvai cha kung'aa, hutii wanja, hujipaki manukato ya aina yoyote. Kwa mwanamke mwingine, hilo la manukato ni dogo katika mengi. Mimi ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ndiyo ilikuwa lugha niliyozungumza na mume wangu. Bi Mwanaisha alihamia kwangu akashika nyumba. Alichukua chetezo, mawe ya kusagia liwa, chupa zote na sandali yote, akafungia kwake. Nguo za Omari alizifua kwa sabuni, mashuka na foronya pia, zikatolewa sadaka kama ilivyo desturi. Nilimwomba aniachie kofia moja. Alisema sadaka ni kutoa kizuri, na kofia zile ndizo nzuri. Shemeji yangu akaja kuisafisha karakana. Maranda yaliyokuwa sakafuni yalifagiwa yakapewa mchoma mikate.

Na mafuta yenyewe hayakuwapo. Niliyokuwa nayo yote niliyauza kabla ya Idi, na chupa ya Omari mwenyewe ilikuwa tupu kwa sababu alikuwa akingoja mbao mpya zifike. Fundi hukaa kigoda cha mguu mmoja, walisema wazee, na mke wa fundi ndiye aliyekosa tone.

Nilikaa ghorofani, karibu na kidirisha kinachotazama uchochoro. Ijumaa ya kwanza, watu walipokuwa wakipita kwenda mskitini, harufu ikapanda katikati ya kuta ikaniingia. Nilishika fremu ya dirisha. Nilijua ni vijana wa mtaa, nilijua hata nyuzi za chupa zao, lakini mwili wangu ulisema ni yeye, anapita, atapiga kona aingie. Sikujipaka kitu, sikutoka nje, sikuvunja sharti lolote. Nilikaa tu nikapumua. Nikaanza kuishi kwa ajili ya Ijumaa. Ijumaa iliyofuata alipita tena. Iliyofuata akapita kwa mbali. Hakuna aliyekuwa akitengeneza, na chupa za watu zilikuwa zikiisha moja moja. Ikafika Ijumaa nikasikia miguu, nikasikia salamu na kikohozi cha Bwana Shee, na kilichopanda kilikuwa udi na miski. Nilikaa hapo mpaka watu wakarudi, nikidhani labda yuko aliyechelewa.

Baada ya hapo nilianza kusahau. Uso wake niliuona kila nikifumba macho, na sauti niliisikia, mpaka ugomvi wetu juu ya ngazi mbovu niliukumbuka neno kwa neno. Lakini harufu niliiita haikuja. Nilikumbuka vilivyomo, mwangati, ndimu, mchaichai, kama mtu anayesoma majina ya watu asiowajua. Mimi, ambaye watu walinitumia kitambaa cha marehemu bibi yao nikawaambia alikuwa akijipaka nini! Hofu iliyonishika ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya msiba. Siku ya msiba aliondoka yeye. Sasa nilikuwa mimi ndiye ninayemwacha aende.

Nilimwambia Bi Mwanaisha. Nilisema, "Nimeanza kumsahau." Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa, akasema nisubiri, Mola yu pamoja na wenye kusubiri. Nilimchukia siku ile. Nasema kweli, nilimtazama mikono ikipita kwenye mchele nikamchukia.

Hapa niruke mbele kidogo, maana najua mtauliza. Ndiyo, eda ilipokwisha niliyatengeneza tena. Nilipata mbao za mwangati kwa seremala mwingine, ndimu ni zile zile, jua ni lile lile. Watu walinunua miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Mimi peke yangu nilijua. Yale ya kwanza yalitoka kwenye maranda yaliyopita chini ya viganja vya Omari, na ndani yake mlikuwa na gundi yake, na mafuta aliyopaka randa, na jasho, na kahawa aliyoimwaga kila siku kwenye meza ya kazi kwa kuwa hakujua kuweka kikombe mbali. Hayo hayachanganywi. Ndiyo maana nawaambia, mkitengeneza kitu kizuri kutokana na mtu aliye hai, wekeni kidogo. Msiuze chote kwa sababu ya Idi.

Sasa nirudi kwenye eda. Alasiri moja tulisikia hodi dakani. Bi Mwanaisha alishuka polepole na fimbo yake, maana goti lilikuwa likimsumbua, na mimi nikasimama juu ya ngazi nisikoonekana. Nilikuwa na jirani yangu yule wa dirishani, amekuja kunitazama. Tukamsikia Bwana Kiprono. Alikuwa amepata uhamisho, meli yake inaondoka kesho, na alisema hawezi kuondoka bila kutoa pole kwa nyumba ya Fundi.

"Mama, pole sana," alisema. "Mimi narudi kwetu. Hii ni ile mafuta ya Fundi, imebaki kidogo kwa chupa. Huko kwetu miti iko mingi. Mpe bibi yake ajipake, asimsahau."

Jirani yangu alifunika mdomo kwa leso. Kumletea manukato mwanamke aliye edani! Mtu wa hapa angeona bora alete nyoka. Lakini yeye angejua vipi? Alikuwa ameleta kitu chake cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo mji huu, kile alichokilalia. Nikangoja Bi Mwanaisha avute ile pumzi yake ya pua, amfukuze.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mngu akufikishe kwenu salama."

Mlango ukafungwa. Nikasikia fimbo ikipanda. Jirani yangu aliona uso wangu, akaaga akaenda zake. Bi Mwanaisha akafika juu ameishika chupa, uzi mwekundu bado uko shingoni, na chini kabisa kuna kidogo, kama cha kulowesha vidole. Mkono wangu ulinyooka wenyewe. Akairudisha chupa nyuma yake.

"Siyaguse," akasema. "Mkono wako una eda."

Nilijua ana haki. Sikumbishia. Nilimwomba anifungulie tu kizibo, aishike chupa yeye mwenyewe, mbali, pale mlangoni, halafu afunge. Nilimwambia sitasogea. Nilimwambia nikikosa leo sitampata tena, kwa kuwa sina pengine pa kumpata. Nililia nikisema hivyo, na hapo mbele sikuwa nimelia vizuri hata siku moja, kwa sababu watu walikuwa wengi mno.

Aliuma mdomo wa chini, tabia yake akipima kitu, kama vile alivyopima udi. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akang'oa kizibo, akamimina kiganjani. Akajipaka nyuma ya masikio. Akajipaka shingoni, na kilichobaki mkononi akakifuta kwenye leso aliyojitanda. Yeye, mwanamke wa heshima zake, mwenye ndevu mbili tatu za uzee kidevuni, anajipaka mafuta ya wanaume aliyoyakataa nyumbani kwake miaka yote. Akashuka sakafuni kwenye mkeka wangu, goti likilia, akanyoosha mkono.

"Ndoo, mwanangu," akasema. "Hukuyapaka wewe. Nimeyapaka mimi, nami sina eda. Fumba mato."

Nikaenda. Niliweka uso shingoni mwake, na Omari alikuwapo. Alikuwapo mzima, na gundi yake na kahawa yake, ameingia kutoka karakana hajaoga. Sijui nililia muda gani. Bi Mwanaisha hakuniambia nisubiri, wala hakunitajia malipo ya wenye kusubiri. Alinipigapiga mgongo tu, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto na mawazo yake yako kwingine.

Jua lilipokuwa limekwisha toka dirishani, aliongea, na hakuwa akiniambia mimi.

"Wangu alikinuka iliki," akasema. "Mimi sikupata wa kunipakia."

Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote, na sikuwahi kumsikia akimtaja mumewe. Nikamshika nami. Tukakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi, na kwenye chupa kulikuwa kumebaki matone machache.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, nilisikia fimbo yake ngazini, na kabla hajafika juu nilijua ameshajipaka.